Simba wa Tsavo na Fisi wa Mgunda Mkali

Watu wenye elimu huzidharau picha za sinema za kutisha. Husema kuwa ni mchezo wa kushtua watoto, na kwamba mtu mzima mwenye akili timamu hana haja ya kulipa fedha ili atishwe, kwa kuwa dunia humtisha bure kila siku. Mwalimu mmoja wa Tabora, ambaye sasa amestaafu na umri wake umepita miaka sabini, alikuwa katika kundi la wenye dharau hiyo hata jioni moja mwishoni mwa miaka ya 1990, alipoingia katika banda la video karibu na soko la mji ule kwa ajili ya kukimbia mvua. Alitoa kiingilio, akaketi juu ya benchi la nyuma miongoni mwa wachukuzi na wauza karanga. Kanda iliyokuwa ikionyeshwa ilikuwa ya picha iitwayo The Ghost and the Darkness, yaani Mzimu na Giza, iliyotolewa Marekani mwaka 1996. Mvua ilikatika kabla picha haijafika nusu, lakini mwalimu hakuondoka.

Kisa cha picha hiyo chatokana na mambo yaliyotukia kweli. Mwaka 1898, wakati reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ilipokuwa ikijengwa, simba wawili madume waliivamia kambi ya wajenzi wa daraja la mto Tsavo katika nchi ya Kenya, wakawa wakiwatoa watu katika mahema usiku na kuwala. Balaa hiyo ilianza Machi ikaendelea, kwa vipindi, hata Desemba. Msimamizi wa daraja, John Henry Patterson, afisa wa jeshi la Uingereza, alimwua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 mwezi uleule. Mwaka 1907 alitoa kitabu juu ya habari hiyo, na mwaka 1924 aliziuza ngozi za simba wale kwa jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, kwa dola 5,000. Ngozi zilizokuwa zimetandikwa sakafuni nyumbani kwake kwa muda wa robo karne zikajazwa na kusimamishwa, na hata leo wanyama hao wanaonekana pale nyuma ya kioo, wadogo kuliko mtu anavyotazamia.

Sifa ya kwanza ambayo mwalimu huitoa anapozungumza juu ya picha hii ni kwamba yajua kungoja. Mwongozaji wake, Stephen Hopkins, hana haraka ya kumwonyesha mnyama. Huonyesha majani marefu yanayolala upande usio wa upepo. Huonyesha hema ambamo watu wamelala safu, na Mahina, mnyapara mwenye nguvu ambaye husimuliwa kwamba aliwahi kumwua simba kwa mikono yake, na mara mtu huyo huyo anavutwa nje kama gunia. Sehemu kubwa ya hofu hiyo haipiti machoni bali masikioni: ngurumo inayotoka mahali pasipojulikana, kisha kimya, kisha ngurumo upande mwingine. Si ajabu kwamba picha hii ilipewa tuzo ya Oscar kwa kazi ya sauti.

Kungoja huko ndiko kulikomshika mwalimu, maana alikujua. Mtu ambaye hajapata kulala katika kijiji kilichoingiliwa na mnyama hudhani kwamba hofu yenyewe ni mnyama kutokea. Sivyo. Mnyama akitokea, watu hupiga kelele, hushika mikuki, hukimbia, na katika kufanya hayo moyo hupata kazi. Hofu ni saa za kabla. Mbwa wakibweka, watu hugeuka kitandani wakalala tena, kwa sababu mbwa hubwekea hata mwezi. Lakini mbwa waliokuwa wakibweka wakinyamaza wote kwa pamoja, wakaja kujikunja chini ya vitanda vya watu, hapana mtu katika nyumba atakayefumba macho mpaka alfajiri. Kwa maoni ya mwalimu, picha ya sinema yenye kuweza kumkumbusha mtu kimya hicho si upuuzi, hata ikiwa yote mengine yaliyomo ni mabaya.

Na mabaya yamo, tena mengi. Miaka kadhaa baadaye mjukuu wake, binti anayesoma katika chuo kikuu, alikuja likizo na kompyuta yake, akamtafutia babu picha ileile, wakaitazama pamoja sebuleni. Ilipokwisha, binti alikuwa na hukumu tayari.

“Babu, picha hii ni uongo mtupu.”

“Uongo wake ni upi, mjukuu wangu?”

Binti akauhesabu. Picha ilipigwa Afrika ya Kusini, katika nyika ya majani marefu, hali Tsavo ni nchi kavu ya vichaka vya miiba. Simba waliotumika walikuwa na manyoya shingoni, hali wale wa kweli hawakuwa nayo. Mwindaji wa Kimarekani aitwaye Remington, ambaye Michael Douglas anamwigiza kwa mbwembwe nyingi, hakupata kuwapo duniani. Ni kiumbe cha mwandishi, William Goldman. Patterson wa kweli aliwaua simba wote wawili bila ya msaada wa Mmarekani yeyote.

Babu alikubali yote, akaongeza la kwake juu ya miiba. Alisema kwamba laiti wapiga picha wangalikwenda Tsavo yenyewe, wangalipata hofu kubwa zaidi bila ya gharama, kwa kuwa katika kichaka cha miiba mtu haoni hatua tano mbele yake, wala hawezi kukimbia. Juu ya Remington alisema tu kwamba kila anapofungua kinywa, simba hupungua ukubwa. Hukumu hiyo ni ya haki. Nusu ya kwanza ya picha ina watu wengi wanaoogopa kitu kimoja; nusu ya pili ina wanaume wawili wanaoshindana kusema maneno ya ushujaa, na kambi nzima imegeuka kuwa pazia nyuma yao.

Lililomsikitisha zaidi ni Samuel. Huyu anaigizwa na John Kani, mwigizaji mashuhuri wa Afrika ya Kusini, na ndiye mwenye sauti inayosimulia kisa tangu mwanzo hata mwisho. Kwa kumtazama juujuu, mtu aweza kufurahi kwamba msimulizi ni Mwafrika. Lakini Samuel husimulia nini? Husimulia matendo ya Patterson. Habari za kwao, za jamaa zake, za Waafrika waliochukuliwa usiku katika kambi ileile, hasemi. “Wamempa mdomo,” mwalimu alisema, “wakamnyima habari zake mwenyewe.” Mambo hayakuwa mbali na hivyo katika maandishi pia. Wahindi wapatao 28, vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka ng'ambo ya bahari, waliingia katika hesabu ya reli. Juu ya Waafrika, Patterson aliandika kwamba waliliwa wengi ambao hesabu yao haikuwekwa na mtu. Baadaye alitaja jumla ya watu 135. Mwaka 2009 wataalamu walipima nywele na mifupa ya simba wale wakakisia watu kama 35. Kati ya tarakimu hizo mbili pana pengo la watu mia moja, na pengo hilo halitazibwa, kwa sababu wakati wa kuandika majina ulipokuwapo, mwenye kalamu hakuona haja.

Binti alitazamia kwamba babu yake angeitupa picha baada ya kukubali makosa yote hayo. Hakuitupa. Alisema kwamba ina jambo moja jema ambalo watazamaji wengi huliona kuwa ni udhaifu wake, nalo ni kwamba mwishoni simba ni simba. Katika picha yote vibarua huwaita wanyama wale mizimu na mashetani. Hata jina la picha lawaunga mkono. Mtazamaji hungoja athibitishiwe kwamba kweli ni mashetani. Kisha risasi inalia, na kinachoanguka ni mnyama, mwenye damu na ulimi nje. Wapenzi wa picha za kutisha husema kwamba dubwana likionekana lote, hofu huisha na picha imeharibika. Mwalimu alisema kinyume. Alisema kwamba mzoga ni lazima uonekane, tena uonekane mchana, na watu waje waushike meno.

Hapo ndipo alipomweleza mjukuu wake jambo lililotokea katika banda la video siku ile ya mvua. Simba walipokuwa wamekwisha kuua watu wengi, na mtego wa behewa umeshindwa, na askari waliofungiwa ndani yake wamepiga risasi ovyo wakamkosa simba aliye mbele ya pua zao, kijana mmoja katika benchi la mbele aliuliza kwa sauti: “Mwenye simba hawa yuko wapi?” Hapana aliyecheka. Watu waliguna kwa kumwunga mkono, kana kwamba ameuliza swali ambalo mtengenezaji wa picha amelisahau. Banda zima lilikuwa likimngoja mwenye simba atokee.

Msomaji asiyeijua nchi ya Unyamwezi na Usukuma pengine ataona kwamba swali hilo ni la kijinga. Si la kijinga. Lina historia yake. Upande wa mashariki, katika nchi ya Singida, watu wengi waliuawa katika miaka ya 1946 hadi 1948 kwa namna iliyofanana na kuraruliwa na simba. Serikali ya Waingereza ilisadiki kwamba wauaji walikuwa watu waliovaa ngozi za simba au waliotumwa na wenye uganga, ikawashtaki na kuwanyonga baadhi yao. Wataalamu wamebishana tangu hapo ni vifo vingapi vilivyokuwa vya makucha na vingapi vya visu. Kwa hiyo mtu wa sehemu hizo akiuliza mwenye simba, hatoi swali katika hewa tupu.

Na kama kwa simba ni hivyo, kwa fisi ni zaidi. Fisi katika nchi ile ana sifa ya kuwa mnyama wa kupandwa. Husemwa kwamba mchawi humfuga, humpanda usiku na kwenda naye mbali, na kabla ya alfajiri humrudisha. Mwenye kusemwa hivyo, mara nyingi, ni mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu. Macho ya wazee wengi vijijini ni mekundu kwa sababu moja isiyo na siri, nayo ni moshi: miaka hamsini ya kupuliza moto wa kuni, na katika nchi ya mifugo hata wa samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Kwa wekundu huo wanawake wengi wa mikoa ya magharibi na ya ziwa wamekatwa kwa mapanga usiku, katika miaka ambayo watu wengi wangali wakiikumbuka.

Mwaka 1976 mwalimu alikuwa kijana, hajaoa, akifundisha katika kijiji kimoja kati ya Goweko na Tura. Njia ya kale ya misafara ilipita huko. Msafiri aliyetoka Bagamoyo na kuvuka Ugogo alikuwa hana budi kuikata Mgunda Mkali, pori la siku nyingi lenye maji haba, kabla ya kuingia Tura na kuona mashamba ya Wanyamwezi, kisha Tabora, na mbele yake Ujiji. Wapagazi walioshikwa na ndui, na watumwa walioshindwa na minyororo, waliachwa kando ya njia hiyo. Wazee wa kijiji walisema kwamba fisi wa Mgunda Mkali walijifunza tangu zamani zile kufuata watu kama mbwa afuatavyo mchinjaji. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ilikufa, lakini fisi, wao walisema, hawakupewa habari.

Katika Oktoba ya mwaka ule joto lilizidi, na watu walikuwa wakilala nje juu ya mikeka. Usiku mmoja mbwa walinyamaza. Asubuhi mtoto wa kike wa umri wa miaka minne hakuonekana mkekani, na wanaume waliofuata mburuzo wakakuta porini kipande cha kanga na shanga za kiunoni. Juma lililofuata mtoto mwingine alijeruhiwa shavuni, akaokolewa na mama yake aliyemvuta mguu. Nyayo zilikuwa wazi juu ya mchanga, za fisi mmoja mkubwa aliyechechemea. Mtego ungaliweza kutegwa. Badala yake uliitishwa mkutano, na swali lililoulizwa chini ya mwembe lilikuwa lile lile la bandani, ila kwa mnyama mwingine.

Jina lililotajwa lilikuwa la bibi mmoja mjane aliyekaa nyuma ya shule. Bibi huyo ndiye aliyekuwa akimpikia mwalimu. Kila jioni alipuliza moto wake, akasonga ugali, akauleta umefunikwa kwa kawa, na macho yake yakitiririka machozi. Mwalimu alikuwa ndiye mwandishi wa mkutano, kwa sababu hati yake ilikuwa nzuri. Vijana walikuwa wamekuja na mapanga, nao hawakuyaficha. Yeye hakusimama kusema kwamba wekundu wa macho ya bibi ulitokana na chakula chake yeye. Alipendekeza kwa sauti ya upole kwamba bibi aondoke, mkutano ukakubali, naye akaandika katika daftari kwamba wananchi wameazimia bibi huyo ahame kijijini kwa ajili ya usalama wake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na usiku ule alijiona kuwa ameokoa maisha ya mtu.

Binti alisikiliza yote hayo, asijue la kusema. Mwishowe alimwambia babu yake habari aliyoisoma chuoni: kwamba mwaka 2024 wataalamu walitoa nywele zilizokwama katika meno yaliyovunjika ya simba wa Tsavo, wakazipima, wakakuta za twiga, za pundamilia, za nyumbu, na za binadamu pia. Na kwamba mmoja wa simba wale alikuwa na jino lililovunjika na jipu katika taya, jambo ambalo baadhi ya wataalamu hulihesabu kuwa sababu ya yeye kuacha nyama ngumu na kutafuta watu.

“Yaani alikuwa anaumwa jino,” babu alisema.

“Ndiyo, babu.”

“Na wamemtazama kinywani baada ya miaka mia na zaidi.”

“Ndiyo.”

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha alisema kwamba fisi yule naye alichechemea, na kwamba alama ya mguu wa nyuma wa kushoto ilikuwa haifiki chini sawasawa. Hata leo angeweza kuichora. Alikuwa ameiona kabla ya mkutano, akiwa na daftari mkononi.

Akamaliza kisa kwa ufupi. Siku ya tatu alimsindikiza bibi hata stesheni ya Goweko, mwendo wa tangu jua halijatoka, akimchukulia kifurushi, sufuria na mkeka. Njiani hawakuzungumza. Walipoketi kungoja gari la moshi la kwenda Tabora, bibi alimwuliza:

“Mwalimu, katika kitabu chako umeandika nini?”

“Nimeandika kwamba uondoke salama, bibi.”

“Na fisi umemwandika?”

Mwalimu hakumjibu. Gari la moshi lilikuja likiwa limechelewa sana, bibi akapandishwa na vitu vyake, naye mwalimu akarudi kijijini kwa miguu, akafika giza limekwisha kuingia. Watu walikuwa wakicheka uani na kula. Wengine walikuwa wameirudisha mikeka yao nje, kwa kuwa joto lilikuwa bado kali, na mwenye fisi, kwa hesabu yao, alikuwa amekwisha kuondoka. Mwalimu aliingia ndani, akafunga mlango, akalala macho wazi akisikiliza mbwa wakibweka. Baada ya usiku wa manane wakanyamaza.